Simu moja, laini mbili: kisa cha shemeji na namba ya kazi

Shemeji yangu aliajiriwa mwaka 2021 na duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Siku aliyopewa fulana ya kampuni ndiyo siku aliyopewa na simu. Kazi yake ni mauzo ya nje: anazunguka madukani kuanzia Mbagala hadi Mkuranga, anachukua oda za misumari, rangi na koki, na kesho yake gari la ofisi linapeleka mzigo. Namba ya simu ile ilichapishwa kwenye kadi zake na ikapakwa rangi ubavuni mwa gari. Simu yake mwenyewe, ya zamani na yenye kioo kilichopasuka, ilibaki na laini aliyokuwa nayo tangu chuo. Humo mlikuwa na M-Pesa yake, kundi la wazazi wa darasa la mtoto, kundi la ukoo, na kundi la kikoba ambacho yeye ndiye mhazini.

Ameniruhusu nikiandike kisa hiki. Mimi ndiye ndugu anayeitwa simu ya mtu inapogoma, na kila mara naletewa swali lilelile: nifanyeje nihamishie kazi na mambo yangu kwenye simu moja? Watu wanauliza kana kwamba ni suala la nafasi tu, kama kuhamisha nguo kutoka masanduku mawili kwenda moja. Hata mimi nilikuwa nikilijibu hivyo, mpaka yalipomfika shemeji.

Machi 2024 aliibiwa. Ilikuwa jioni, kituo cha Rangi Tatu, watu wanagombania daladala. Mkoba ulichanwa kwa wembe, ikachukuliwa ile ya zamani, ya ofisi ikasalimika kwa kuwa ilikuwa mkononi. Fedha hazikuguswa, maana mwizi hakuijua namba ya siri ya M-Pesa. Lakini laini yenyewe haikuwa na PIN, hivyo alipoichomeka kwenye simu nyingine ikafanya kazi mara moja. Akafungua WhatsApp kwa namba ile, msimbo wa uthibitisho ukamfikia kwa meseji, na saa moja haijapita wanakikoba wakaanza kupata ujumbe: michango ya mwezi huu tumeni kwenye namba hii, nyingine ina tatizo. Kila Mtanzania anaujua ujumbe wa namba hiyo ukitoka kwa mtu asiyemfahamu. Safari hii ulitoka kwa mhazini wao, kwenye kundi lao, na picha yake ikionekana pale juu. Wawili wakatuma, mmoja elfu hamsini, mwingine elfu thelathini. Shemeji alizilipa mwenyewe.

Alipata RB polisi, yaani namba ya taarifa ya wizi, akaenda dukani kwa mtandao wake, akaweka kidole, laini ikarudi usiku uleule. Alipokuja kwangu alikuwa na laini mpya mkononi na hana simu ya kuitia. "Shem, kwa nini ninunue nyingine wakati hii ya ofisi ina matundu mawili?"

Nikamwambia sawa. Nilijibu haraka na kwa moyo mweupe, na kosa la kwanza la kisa hiki ni langu.

Jambo dogo lilijitokeza papo hapo. Tundu la pili la simu ile lilikuwa la kugawana: ama laini, ama memori kadi. Memori kadi yenye picha zote za bidhaa ikatolewa, laini ikaingia. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zimetengenezwa hivyo, na mnunuzi haambiwi mpaka siku anapoufungua mlango wa laini. Picha tukazihamishia ndani ya simu, nafasi ikajaa nusu. WhatsApp haikutusumbua. Ya kazi ilikuwa tayari kwenye WhatsApp Business, ile inayotumiwa na wafanyabiashara tangu 2018, na ya kwake tukaiweka kwenye WhatsApp ya kawaida. Programu mbili, namba mbili, kila moja na mlio wake. Ilipouliza nakala rudufu zihifadhiwe kwenye akaunti gani ya Google, ilikuwapo moja tu kwenye simu ile, ya ofisi. Akaigusa, tukaendelea. Hata kahawa niliyomtengenezea ilikuwa haijapoa.

Kero ya kwanza ilikuwa ya simu kutopatikana. Simu nyingi za laini mbili husikiliza laini zote mbili zikiwa zimetulia, lakini ukianza kuzungumza kwenye moja, nyingine inatoka hewani mpaka umalize. Shemeji anaongea na wateja kutwa. Siku moja mtoto alipata homa shuleni, mwalimu akapiga mara tatu kwenye namba ya mama na mara tatu akaambiwa haipatikani. Mwishowe alimpigia jirani. Shemeji alipata habari saa nzima baadaye, akiwa Kongowe anabishana juu ya bei ya rangi. Alipokuwa na simu mbili, hili lisingetokea. Dawa yake ipo na ni rahisi: kila laini inaelekezwa kwa nyenzake pale inapokuwa haipatikani. Unabonyeza **62*, unaandika namba ya laini ya pili, unamaliza kwa #, kisha unawasha huduma ya simu kusubiri kwa *43#. Simu iliyoelekezwa hukatwa gharama kama umepiga wewe, na ukitaka kuondoa unabonyeza ##62#. Tuliifanya baada ya homa ile. Ilipaswa kufanywa siku ya kwanza.

Kero ya pili iligusa fedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwetu simu ni pochi na watu wengi hawalihesabu hilo wanapounganisha.

Simu yenye laini mbili inakuuliza laini ipi iwe ya kupigia. Shemeji alichagua ya kwake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na dakika za bei nafuu. Ikawa kila mteja anayempigia anaona namba ngeni, anaihifadhi kwa jina la duka au "dada wa misumari". Mwezi Mei mwenye duka mmoja wa Kongowe alitaka kulipa deni la shilingi 340,000. Ofisi ina Lipa Namba, na wateja wote wameambiwa walipe huko. Yeye akaona namba aliyopigiwa jana yake, akatuma huko. Kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji lilijitokeza, likawa ni jina la shemeji kweli. Baadaye alisema, "Nilivyoona jina la kwako nikajua niko salama." Utaratibu wa kuonyesha jina umewekwa kumlinda anayetuma. Siku hiyo ulimhakikishia kosa.

Shemeji aliiona hela jioni, na asubuhi akaituma ofisini. Akawa amepokea malipo ya mteja kwenye pochi iliyokuwa na michango ya kikoba, akayalaza humo usiku mmoja, akayatoa yakiwa yamepungua kwa makato ambayo aliyafidia mfukoni mwake. Tarehe ya mteja na tarehe ya ofisi zikatofautiana. Mhasibu, ambaye alikuwa anatimiza kazi yake, akaomba taarifa ya miamala ya M-Pesa ya mwezi ule. Shemeji angeweza kukataa, lakini mtu mwenye mikono safi anakataaje? Akaitoa. Mhasibu akasoma michango ya kikoba, ada ya mtoto, kiasi alichomtumia mama yake Lushoto, na deni alilokuwa akimlipa mwenye duka la dawa mtaani. Hakuna aliyemshtaki kwa lolote. Bosi alimwambia tu kwa upole, "Dada, hili lisijirudie." Aliporudi nyumbani alilia. Hakuwa ameiba hata senti, na kila kitu chake kilikuwa kimesomwa.

Marekebisho yalichukua sekunde kumi: kwenye mipangilio ya laini tukaweka "uliza kila mara", ili kabla ya kila simu achague anapiga kama nani. Inachosha, lakini ndiyo pazia pekee lililobaki kati ya pochi mbili zinazokaa kwenye kifaa kimoja. Namba yake, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuenea madukani.

Julai aliugua malaria akalala ndani siku nne. Siku ya pili dereva wa ofisi alifika nyumbani. Alikuwa ametumwa simu, maana wateja wanapiga na oda zinalala. Simu ni ya kampuni, dai lao lilikuwa halali. Shemeji, homa imempanda, akaitoa kama ilivyo, laini yake ikiwamo ndani. Mwenzake wa kazini akakaa nayo siku zote zilizobaki, na ujumbe wa kikoba ukawa unajitokeza kwenye kioo chake. Mmojawapo ulitoka kwa mwanakikoba aliyeomba mkopo faraghani akieleza yaliyompata kwenye ndoa yake. Mwenzake hakuwa na nia mbaya, aliona tu. Lakini habari ilitembea, na mama yule aliisikia ikirudi kwake kutoka mtaa mwingine. Shemeji alienda kumwomba radhi akiwa bado hajapona vizuri.

Katika kisa chote, hili ndilo linaloniuma zaidi. Tunaposema faragha tunafikiria siri zetu. Simu ya mhazini, ya mwalimu, ya nesi, ya mama mwenye mdogo wake anayemtegemea, imebeba siri za watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kupangishwa nyumba moja na ofisi ya mtu.

Kisha ikaja Septemba. Ofisi ilileta fundi mpya wa mifumo, kijana mwangalifu, aliyekuta simu za kampuni zimetapakaa bila mpangilio wala rekodi. Akaamua kuzisafisha zote na kuzisajili upya. Tangazo lilitumwa Ijumaa kwenye barua pepe ya ofisi, ambayo watu wa mauzo hawaifungui. Jumamosi mchana shemeji alikuwa harusini Temeke, simu ikajizima, ikawaka ikiwa kama imetoka dukani. Picha, majina, mazungumzo, vyote vimeondoka. Jumatatu aligundua lililo zaidi: fundi alikuwa amefuta akaunti za Google zenye majina ya watu na kuunda nyingine kwa vyeo. Akaunti yenye nakala rudufu za shemeji haikuwepo tena.

Tuyatazame yaliyopotea, maana ndiyo yanayoonyesha mambo yalivyosukwa. Majina ya watu wake wote, mama yake akiwamo, yalikuwa yakihifadhiwa kwenye akaunti ya ofisi, kwa kuwa simu huhifadhi majina mapya kwenye akaunti inayoikuta. Picha vilevile. Mazungumzo ya WhatsApp yake nayo nakala zake zilikwenda huko kwa kidole kile kimoja nilichokishuhudia. Na kati ya picha zile kulikuwa na kurasa za daftari la kikoba, alizozipiga kila mwezi baada ya kikao, kwa kuwa daftari lenyewe linakaa kwa katibu na lilishawahi kulowa mvua.

Nilichelewa kuambiwa. Aliona haya kunisumbua tena, na nilipopata habari zilikuwa zimepita siku 12. Ninalojua, na ambalo fundi yule hakulikumbuka kwa wakati ule, ni kwamba msimamizi wa akaunti za Google za ofisi anaweza kuirudisha akaunti aliyoifuta ikiwa hazijapita siku 20. Siku ya 14 tulikaa naye mezani. Alikuwa mtu muungwana. Aliposikia ni daftari la akina mama alisogeza kazi zake kando. Akaunti ikarudi. Tukatoa majina, tukatoa picha, kurasa za daftari zikaonekana moja baada ya nyingine mpaka ule wa Agosti. Mazungumzo ya WhatsApp hayakurudi. Nilimwangalia shemeji akihesabu kurasa kwa kidole hewani, nikaelewa kwamba kwa ushauri niliompa mwezi Machi nilikuwa nimemweka mahali pabaya.

Siku hiyohiyo fundi akaomba laini ya kazi ili aiandikishe kwenye rekodi zake. Kabla ya kuitoa nilibonyeza *106#, namba ya kuhakiki usajili wa laini. Jina lililotokea halikuwa la kampuni. Lilikuwa la shemeji.

Akakumbuka. Mwaka 2021, wiki ya kwanza kazini, tarishi wa ofisi alimpeleka kwa wakala barabarani. Kusajili laini kwa jina la kampuni kulihitaji nyaraka na barua. Kusajili kwa mtu kulihitaji namba ya NIDA na kidole. Usajili wa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 1, 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kuzimwa, kwa hiyo mwaka mmoja tu baadaye kila mtu alikuwa na haraka ya kumaliza jambo la kidole. Aliweka kidole chake wakaondoka. Kwa miaka mitatu namba iliyopakwa ubavuni mwa gari la kampuni ilikuwa mali yake kwenye vitabu vya mtandao. Angeacha kazi siku yoyote na kuondoka na wateja wote, kihalali kabisa, na bosi asingejua ameibiwa nini. Na kinyume chake: laini ile ilipokuwa mikononi mwa mwenzake wakati wa malaria, lolote ambalo lingefanywa nayo, askari wangeanza kwake.

Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu simu. Kulikuwa na simu ambayo ni ya kampuni, laini ya kazi ambayo kwa jina ni ya mfanyakazi na kwa matumizi ni ya kampuni, akaunti ya Google ya kampuni yenye mama yake na picha za mtoto wake ndani, na laini binafsi iliyopokea deni la rangi. Kuziweka mkobani zikiwa mbili kulificha mkorogo huo. Kuziweka kwenye simu moja hakukuuleta, ila kuliubana mpaka ukatoka maji. Mtu anayeunganisha simu bila kwanza kutenganisha umiliki anafunga mzigo ambao hajaukagua.

Oktoba tuliunganisha tena, safari hii kwa mpangilio mwingine, na sehemu ndefu zaidi haikuhusu simu.

Tulianza na laini ya kazi. Shemeji na mwakilishi wa kampuni walikwenda pamoja dukani kwa mtandao, kampuni ikiwa na cheti chake cha usajili, TIN na barua, umiliki ukahamishwa. Walikaa foleni karibu saa tatu. Bosi alinung'unika kidogo juu ya muda huo, lakini alipoelezwa kwamba gari lake lilikuwa likitangaza namba isiyo yake, alinyamaza, na wiki iliyofuata akawapeleka watu wake wengine wa mauzo.

Kisha akanunua simu yake mwenyewe, shilingi 280,000, yenye matundu mawili halisi na la tatu la memori kadi. Niliufungua mlango dukani Kariakoo kabla hajatoa hela. Simu ya ofisi ikarudishwa ofisini. Huu ndio uamuzi wangu, na nausimamia: kama ni lazima iwe simu moja, iwe ya mtu, kazi ndiyo iingie kama mgeni. Mgeni hupewa chumba chake na huweza kuondoka bila kubomoa nyumba.

Chumba hicho kipo kweli. Android ina kitu kinachoitwa wasifu wa kazini, kimekuwepo tangu toleo la 5 la mwaka 2014. Akaunti ya ofisi inapoingizwa kwa njia hiyo, programu zake hukaa upande wa pili zikiwa na alama ya mkoba mdogo, na haziyaoni majina wala picha za upande wa nyumbani. Ofisi ikitaka kufuta, inafuta upande wake tu. Jioni mwenye simu anauzima, alama zinageuka kijivu, ujumbe wa kazi haumfikii mpaka asubuhi. Lakini unazima programu peke yake. Simu za kawaida zinazopigwa kwenye laini ya kazi zitaendelea kuita, hivyo ni lazima laini hiyo nayo izimwe kwenye mipangilio ya laini. Na wakati wa kuingiza akaunti kuna ukurasa unaoeleza msimamizi atapewa mamlaka gani. Watu wanaupita kama mistari ya masharti. Kama unasema msimamizi anaweza kufuta data yote ya kifaa, acha hapo, rudi kwa fundi, mwombe abadilishe. Tuliusoma kwa sauti.

Makubaliano ndiyo yaliyochukua siku. Nilimsaidia shemeji kuandika nusu ukurasa, bosi akausoma, akakataa kifungu kimoja. Alitaka simu ikiibiwa ofisi iwe na uwezo wa kuifuta yote. Sikuwa upande wake, ila sikumwona mbaya: humo kuna madeni ya wateja na bei anazompa kila mmoja, na mshindani angezifurahia. Shemeji alimjibu vizuri kuliko nilivyoandika. "Bosi, na mimi humo nina madeni ya watu wasiokujua." Wakakubaliana hivi: simu ikipotea atatoa taarifa ndani ya saa mbili, ofisi inafuta upande wake, yeye anafuta uliobaki mwenyewe kupitia huduma ya Google ya kutafuta kifaa, mbele ya fundi akitaka. Nilimkumbusha bosi pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na kwamba mwajiri anayeshika taarifa za mtu anabanwa nayo kwa kiasi na kwa sababu ya kuzishika. Nadhani hicho ndicho kilichomfanya akipokee kifungu cha mhasibu bila mjadala: malipo ya mteja yakiingia kwenye pochi ya mfanyakazi kwa bahati mbaya, itatolewa taarifa ya muamala huo mmoja, siyo ya mwezi mzima.

Saa za kazi zilileta ubishi mkubwa zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, lakini wenye maduka wa Mbagala wanahesabu mauzo yao usiku na ndipo wanapokumbuka misumari imeisha. Shemeji aliomba laini ya kazi izimwe saa kumi na mbili jioni. Bosi akasema saa tatu usiku. Wakafika saa moja, na kwenye WhatsApp Business ukawekwa ujumbe wa kujibu wenyewe kwamba oda za usiku zitashughulikiwa asubuhi saa mbili. Wateja wawili walilalamika wiki ya kwanza. Bando la kazi, elfu ishirini kwa mwezi, likawa la ofisi.

Mambo ya mwisho ni madogo na hayana gharama. Laini zote mbili ziliwekewa PIN, kwa hiyo mwizi akiichomoa na kuichomeka kwingine anaulizwa, akikosea mara tatu inajifunga mpaka aandike PUK, namba ya kufungulia laini. WhatsApp zote mbili zikawekewa uthibitisho wa hatua mbili, ili msimbo wa meseji peke yake usitoshe. Nakala rudufu za upande wa nyumbani zinakwenda kwenye akaunti yake, tena aliiandika jina lake mwenyewe kwa herufi na kuhakikisha. Namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe na inayopatikana kwa *#06#, ameiandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Na kuna kitochi cha akiba kwenye droo, maana mwenye simu moja akiipoteza anapoteza na njia ya kupiga simu ya kusema imepotea.

Januari 2025 alichukua likizo yake ya siku 28, akaenda kwao Lushoto. Laini ya kazi aliitoa, akaitia kwenye kile kitochi na kumkabidhi mwenzake, yuleyule wa wakati wa malaria. Kwa ujumbe wa WhatsApp Business mwenzake aliunganisha simu yake kama kifaa cha pili kwa kupiga picha ya msimbo, akawa anaziona oda na hakuna kingine. Kilichohitaji kukumbukwa ni kwamba simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa hutolewa. Kwa hiyo mara mbili kwenye likizo yote aliuwasha upande wa kazi kwa dakika tano, akauzima tena bila kusoma kitu.

Yule mwenye duka wa Kongowe alimtumia 115,000 akiwa hukohuko Lushoto, kwenye namba ileile ya Mei. Aliirudisha papo hapo. Kisha akampigia, akamtajia Lipa Namba ya ofisi tarakimu moja moja, akamngoja aiandike kwa chaki ukutani juu ya mzani, na akamwomba amsomee.